Louis Braille: Mwanafunzi kipofu aliyejibunia maandishi

MSAFIRI avukaye Daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kuifuata barabara iendayo Malindi, hawi hajaenda mbali kabla ya kulikuta eneo la Bombolulu, huko Kisauni. Hapo ndipo ilipoanzishwa, mwaka wa 1969, karakana ya chama cha APDK kinachowashughulikia watu wenye ulemavu wa viungo nchini. Watalii wengi wameijua karakana hiyo kwa mapambo yake na kwa nyumba za kiasili zilizojengwa uani. Hata hivyo, kilicho muhimu zaidi katika historia yake si mkufu wala bangili, bali viti vya magurudumu na baiskeli za magurudumu matatu zilizoundwa humo, na ukweli kwamba mafundi wa karakana wamekuwa ni walemavu wenyewe. Fundi ambaye naye hukalia kiti cha namna hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni hana haja ya kuelezwa ni wapi chuma kinapomchoma mtu ubavuni.

Siku hizi vijana wa vyuo vikuu, hapa kwetu na ng'ambo, hujitolea kubuni vifaa vya bei nafuu kwa ajili ya walemavu. Kila kundi la namna hiyo hulazimika kuliamua jambo moja mapema: nani atakuwa na kauli ya mwisho kuhusu kifaa, yule mwenye elimu au yule mwenye haja? Mvutano huo si wa leo. Ulimkuta mvulana mmoja wa Ufaransa zaidi ya miaka 200 iliyopita, ambaye alikuwa mwanafunzi, alikuwa kipofu, na umri wake ulikuwa miaka 12 tu. Jina lake, Louis Braille, ndilo tunalolitaja hadi sasa tunaposema maandishi ya breli, au nukta nundu kama yaitwavyo Tanzania.

Braille alizaliwa tarehe 4 Januari, 1809 katika kijiji cha Coupvray, kilomita zipatazo 40 mashariki mwa mji wa Paris. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto wanne. Babake, Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi aliyetengeneza matandiko na hatamu za farasi, kazi iliyokuwa na heshima yake katika enzi ambapo kila kitu kilibebwa au kuvutwa na mnyama. Mamake aliitwa Monique.

Mwaka wa 1812, Louis akiwa na umri wa miaka mitatu, aliingia katika karakana ya babake na kuanza kucheza na kifaa chenye ncha kali. Masimulizi mengi husema ulikuwa msharasi, chombo kile kile ambacho washona viatu wetu pale Kongowea hukitumia kutobolea ngozi. Mengine husema kilikuwa kisu. Vyovyote iwavyo, chombo kiliteleza na kumdunga jicho moja. Zama hizo dawa za kuzuia jeraha lisitunge usaha hazikuwapo. Maradhi yalienea hadi jicho la pili, na alipotimiza miaka mitano mtoto huyo hakuwa anaona chochote.

Kwa watoto vipofu wa mafukara wa Ulaya wakati huo, njia iliyokuwa wazi ilikuwa ni kuomba barabarani. Wazazi wa Braille waliikataa njia hiyo. Babake alimchongea fimbo za kupapasia njia, na inasimuliwa kwamba alimfunza umbo la herufi kwa kupigilia misumari kwenye ubao. Kasisi wa kijiji, Jacques Palluy, alimpa masomo ya mwanzo, kisha mwalimu wa shule ya kijiji akakubali aketi darasani pamoja na watoto wenye macho. Kwa kuwa hakuweza kusoma wala kuandika, alitegemea masikio na kumbukumbu tu, na bado akawa miongoni mwa wanafunzi bora. Hatimaye kabaila mmoja wa eneo hilo aliombwa asaidie, naye akaandika barua Paris kumtafutia nafasi katika shule ya kifalme ya vijana wasioona. Louis alipokewa huko Februari, 1819 akiwa na umri wa miaka 10.

Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1785 na Valentin Haüy, mtu mwenye macho na mwenye huruma, ambaye huhesabiwa kuwa mwasisi wa elimu ya vipofu. Jengo lake lilikuwa kuukuu, lenye giza na unyevunyevu mwingi. Wengi walioandika kuhusu maisha ya Braille wanaamini kwamba ndilo lililompanda maradhi ya kifua yaliyomuua baadaye.

Vitabu vilivyotumika shuleni humo vilikuwa vimebuniwa na Haüy mwenyewe. Karatasi nzito iliyoloweshwa maji iligandamizwa juu ya herufi kubwa za risasi, na ilipokauka ilibaki na herufi zilizotuna ambazo mwanafunzi alizipapasa moja baada ya nyingine. Ilikuwa hatua kubwa, kwani kabla ya hapo vipofu hawakuwa na kitabu cha aina yoyote. Lakini vitabu hivyo vilikuwa vikubwa na vizito mno, gharama yake ilikuwa ya kutisha, na maktaba nzima ya shule ilikuwa na vichache vya kuhesabika. Kuvisoma kulikuwa kwa polepole kiasi kwamba msomaji alipofika mwisho wa sentensi alikuwa karibu kusahau mwanzo wake. Kubwa kuliko yote ni kwamba mwanafunzi hakuweza kuandika. Aliweza kupokea maneno ya wengine, ya kwake hakuwa na pa kuyaweka.

Kasoro hiyo ilitokana na chanzo kimoja. Haüy alizipenda herufi za Kirumi kwa sababu ndizo alizozijua kwa macho yake, na kwake ilikuwa dhahiri kwamba kumsaidia kipofu ni kumpa kile kile alichonacho mwenye macho, kikiwa kimetuna. Hakuna anayeweza kumlaumu. Lakini kidole si jicho. Jicho hutambua mistari na mapindo kwa mara moja, ilhali kidole huyatafuta kwa kupapasa, na kinachokitambua kwa wepesi zaidi ni nukta.

Mwaka wa 1821 shule ilipata mkurugenzi mpya, Alexandre-René Pignier, aliyekuwa mpole kuliko mtangulizi wake. Mwaka huo huo alifika Charles Barbier, aliyewahi kuwa afisa wa kikosi cha mizinga, akiwa na mtindo wa kuandika kwa nukta zinazotobolewa kwenye karatasi. Watu wengi hueleza kwamba mtindo huo ulibuniwa ili wanajeshi wasome amri gizani bila kuwasha taa. Baadhi ya watafiti wa hivi karibuni wanaitilia shaka hadithi hiyo, wakisema kwamba Barbier alikusudia tangu awali kuwasaidia watu wasio na elimu, vipofu wakiwemo. Lililo hakika ni kwamba wanafunzi walipozipapasa nukta zile waligundua mara moja kuwa zinasomeka kwa kidole. Aidha, Barbier alikuja na kibao chenye mifereji na kalamu butu ya kutobolea, vifaa vya senti chache ambavyo kwavyo kipofu aliweza kuandika mwenyewe.

Hata hivyo mtindo wa Barbier ulikuwa na ila tatu. Kila alama ilikuwa na nafasi ya nukta 12 katika safu mbili zilizosimama, hivyo haikuenea chini ya ncha ya kidole, na msomaji alilazimika kukisogeza juu na chini ili aipate yote. Pili, alama zilisimamia sauti badala ya herufi, kwa hiyo mwanafunzi hakujifunza tahajia. Tatu, hapakuwa na alama za uakifishaji, wala tarakimu, wala noti za muziki. Inasimuliwa kwamba mvulana Braille alimweleza Barbier kasoro hizo, na kwamba mzee huyo hakufurahia kukosolewa na mtoto. Si ajabu. Hata leo mhandisi aliyekesha akichora kifaa hapendi kuambiwa na mtumiaji kwamba kimekosewa kipimo.

Kwa muda wa miaka mitatu Braille alifanya kazi hiyo usiku bwenini, na wakati wa likizo nyumbani Coupvray. Hakuwa na maabara, hakuwa na mfadhili. Alikuwa na kibao, kalamu, karatasi na vidole vyake, pamoja na wenzake waliokuwa tayari kupapasa kila alichokijaribu na kumwambia kama kinasomeka. Mwaka wa 1824, akiwa na umri wa miaka 15, mtindo wake ulikuwa umekamilika kwa sehemu kubwa.

Uzuri wa uvumbuzi huo ni wepesi wake. Alizipunguza nukta 12 kuwa sita, tatu kushoto na tatu kulia, ili alama nzima ienee chini ya ncha ya kidole kimoja. Kutokana na nukta sita hupatikana alama 63 tofauti, zinazotosha herufi zote, tarakimu na viakifishi. Nazo alizipanga kwa utaratibu. Herufi 10 za mwanzo, yaani A hadi J, hutumia nukta nne za juu pekee. Herufi 10 zinazofuata ni zile zile zikiongezwa nukta moja ya chini upande wa kushoto, na zinazosalia huongezwa nukta zote mbili za chini. Kwa hiyo anayejifunza huzishika 10 tu, na zilizobaki hujileta.

Msomaji wa Kiswahili atavutiwa na jambo moja hapa. Katika orodha ya Braille hapakuwa na herufi W, kwa sababu Kifaransa cha wakati huo hakikuihitaji. Iliongezwa baadaye kwa ajili ya Kiingereza, na ndiyo maana hadi leo nukta zake hazifuati utaratibu wa jirani zake. Ni nukta za J zilizoongezwa moja chini upande wa kulia. Sisi ambao hatuwezi kutamka watu, wewe wala wao bila herufi hiyo tunaitumia kila mara, na mtoto asiyeona anayesoma Kiswahili huikuta karibu katika kila mstari.

Kuna na jambo la pili ambalo watu wa Pwani watalielewa haraka. Anayeandika kwa kibao na kalamu hutoboa karatasi kwa nyuma, akianzia kulia kwenda kushoto kama mtoto wa chuoni aandikavyo alifu na be, kisha huigeuza karatasi na kusoma nukta zilizotuna kutoka kushoto kwenda kulia.

Mwaka wa 1828 Braille alifanywa mwalimu msaidizi katika shule hiyo hiyo, na mwaka wa 1833 akawa mwalimu kamili. Alifundisha sarufi, historia, jiografia, hesabu na muziki. Alikuwa mpiga kinanda hodari, na alipata kazi ya kupiga kinanda katika makanisa ya Paris. Ndiyo sababu alijitahidi sana kuunda pia noti za muziki kwa nukta. Wanafunzi wake walimkumbuka kama mtu mtaratibu, asiyependa makuu, aliyekuwa tayari kutoa fedha zake kidogo kumkopesha mwenye shida.

Mwaka wa 1829 alitoa kitabu cha kueleza mtindo wake. Kwa kinaya kikubwa, kitabu hicho kilichapishwa kwa herufi za Haüy zilizotuna, kwa kuwa waliopaswa kushawishiwa walikuwa watu wenye macho. Toleo la pili lilitoka mwaka wa 1837, nalo lilikuwa na badiliko muhimu. Katika toleo la kwanza baadhi ya alama zilikuwa na vistari vidogo pamoja na nukta. Matumizi ya kila siku yalikuwa yameonyesha kwamba vistari hivyo ni vigumu kuandika na kupapasa, naye akaviondoa. Mwaka huo huo shule ilichapa kwa breli muhtasari wa historia ya Ufaransa katika majuzuu matatu.

Upinzani mkali ulikuja baadaye. Mwaka wa 1840 Pignier aliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na aliyekuwa msaidizi wake, Pierre-Armand Dufau. Mkurugenzi huyo aliamini kwamba maandishi yasiyofanana na ya watu wengine yangemtenga kipofu na jamii. Kwa haki yake, hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Hata leo wapo wazazi wanaoiogopa shule maalumu kwa sababu hiyo hiyo. Kosa la Dufau lilikuwa kutowauliza wenyewe. Alileta herufi zilizotuna za mtindo uliotumika Uingereza na Marekani, vitabu vya zamani vikachomwa, na breli ikapigwa marufuku shuleni. Vibao na kalamu vilitwaliwa.

Wanafunzi hawakukubali. Waliendelea kuandikiana kwa siri, wakitoboa karatasi kwa sindano za kufumia, kwa misumari na kwa chochote chenye ncha walichokipata, na wakubwa wakawafundisha wadogo nyakati za usiku. Mtu anaweza kuwanyang'anya watoto vitabu, lakini alfabeti iliyokwisha kuingia vidoleni hainyang'anyiki. Braille mwenyewe wakati huo alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, maradhi yaliyomwanza akiwa na umri wa miaka 26 hivi, na mara kwa mara alilazimika kwenda Coupvray kupumzika.

Aliyeyageuza mambo alikuwa Joseph Guadet, msaidizi wa Dufau, aliyewatazama wanafunzi na kutambua kwamba walisoma kwa nukta upesi kuliko kwa herufi za mkubwa wake. Guadet alimshauri mkurugenzi ageuze msimamo. Shule ilipozindua jengo lake jipya mwanzoni mwa mwaka wa 1844, breli ilionyeshwa hadharani mbele ya wageni waheshimiwa, watoto wakiandika yaliyosomwa na wenzao wakiyasoma tena kwa vidole. Marufuku ikawa imekwisha.

Si haki kumwacha Braille bila kutaja kazi yake ya pili, ambayo husahaulika. Hoja ya Dufau kuhusu kutengwa ilimgusa, na alikuwa ameanza kuitafutia jibu hata kabla ya marufuku. Mwaka wa 1839 alitangaza mtindo wa kuchora herufi za kawaida kwa nukta, ili kipofu aweze kumwandikia barua mzazi au rafiki mwenye macho. Kazi ilikuwa ya polepole mno. Hapo akajitokeza Pierre Foucault, fundi kipofu aliyesoma katika shule hiyo hiyo, na kufikia mwaka wa 1841 alikuwa ameunda mashine iliyozitoboa nukta kadhaa kwa mkupuo mmoja. Naam, vipofu wawili, mwalimu na fundi, walikuwa na mashine ya kuandikia miongo kadhaa kabla taipureta haijaenea maofisini.

Afya ya Braille iliendelea kudhoofika. Mwezi wa Desemba, 1851 alitokwa na damu nyingi kifuani, na tarehe 6 Januari, 1852 akafariki, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Inasimuliwa kwamba aliacha kasha dogo lenye hati za madeni ya wanafunzi aliowakopesha, na kwamba aliagiza lichomwe moto. Magazeti ya Paris hayakuandika habari za kifo chake. Alizikwa kijijini kwao.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1854, shule yake iliikubali breli rasmi. Mwaka wa 1878 kongamano la kimataifa lililofanyika Paris liliiteua kuwa njia bora ya kuwasomesha wasioona. Marekani walizozana kwa miongo kadhaa kuhusu aina mbalimbali za nukta, na haikuwa hadi mwaka wa 1932 ambapo wao na Waingereza walikubaliana juu ya breli moja ya Kiingereza.

Hapa Kenya elimu hiyo iliingia kwa njia ya wamishonari. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona mjini Thika mwaka wa 1946, na baadaye Mombasa ikapata ya kwake huko Likoni, ng'ambo ya kivuko. Katiba ya mwaka wa 2010 iliipa breli hadhi ambayo lugha nyingi za dunia hazijaipata: Kifungu cha 7 kinailazimu serikali kuendeleza matumizi yake, na Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitumia. Umoja wa Mataifa nao huadhimisha Siku ya Breli Duniani kila tarehe 4 Januari, tangu mwaka wa 2019.

Vifaa vimeongezeka pia. Tangu mwaka wa 1951 kumekuwa na mashine ya chuma ya Perkins, iliyobuniwa na David Abraham nchini Marekani, na siku hizi zimo kompyuta zinazoinua nukta kwa umeme. Zote ni vitu vya thamani, na zote ni ghali kwa mzazi wa kawaida wa Kisauni au wa kwingineko nchini. Kibao na kalamu ya kutobolea ndivyo vinavyoingia katika mkoba wa shule bila kuuliza umeme wala fundi, navyo havijabadilika sana tangu mvulana wa Coupvray alipovishika.

Miaka 100 baada ya kifo chake, mwaka wa 1952, serikali ya Ufaransa iliamua kuuhamisha mwili wa Braille hadi jumba la Panthéon mjini Paris, wanamozikwa mashujaa wa taifa hilo. Wanakijiji wa Coupvray waliomba waachiwe sehemu yake. Walikubaliwa, na mikono yake ikabaki huko kijijini, katika chombo kilichowekwa juu ya kaburi lake la kwanza.